Anti, nikisimama natetemeka mpaka mama mkwe anasema nimepandisha

SWALI

Shikamoo Anti. Naomba unifiche jina maana grupuni kwetu wengi wanakusoma. Mi ni mama wa watoto wawili, nakaa Tabata, kazi yangu ni hesabu kwenye duka moja la jumla Kariakoo, yaani kutwa nzima niko kwenye kiti nimeinamia kompyuta na madaftari ya stoku, nikitoka hapo ni kugombania daladala mpaka nyumbani. Mwaka huu shingo na mgongo vikaanza kunisumbua, kwenda hospitali wakasema na presha iko juu, wakanianzishia amlodipini kidonge kimoja kwa siku na wakaniambia nifanye mazoezi. Jimu siwezi, hela hakuna na muda hakuna. Ndo jirani yangu mmoja ambaye alisomaga China akaniingiza kwenye hii kitu ya chigongi, mazoezi ya Kichina, akasema wala hukimbii wala huruki, unasimama tu.

Nikasema moyoni kusimama tu nani anashindwa. Anti kumbe!

Unaachanisha miguu, magoti unayalegeza kidogo, mikono unainyanyua mbele ya kifua kama umekumbatia mti, halafu unatulia hapohapo. Dakika ya kwanza raha mustarehe. Ya pili mabega yanaanza kuuma, ya tatu mapaja yanaanza kutetemeka, kwanza kidogo kidogo halafu mpaka meno yanagongana jamani, na sio kwamba nasikia baridi, jasho linanitiririka mgongoni. Viganja vinapata joto vinakuwa vizito, vidole nahisi vimenenepa, sindano sindano kwenye ncha za vidole na siku nyingine mpaka kwenye midomo. Nikifumba macho mwili unayumba wenyewe mbele nyuma. Halafu miayo, nabeua, tumbo linanguruma, na machozi yananitoka wakati sina hata nilichokuwa nakiwaza. Na jioni viatu vinanibana miguu.

Sasa mama mkwe wangu katoka Bagamoyo kaja kukaa na sisi, asubuhi moja kanikuta uani pembeni ya tenki la maji niko kwenye huo mkao, natetemeka, machozi yananitoka, macho nusu. Hakuniuliza kitu. Akawaita watoto waingie ndani akawasha ubani, na jioni akamwambia mwanae kwamba mkeo amepandisha, apelekwe kwa shehe akasomewe. Mume wangu anacheka tu, anasema mwacheni hizo ni stresi za Kariakoo.

Huko grupuni nako ni mambo mengine kabisa. Kiongozi wetu kila siku anatuma voisi, joto viganjani maana yake mlango umefunguka, kutetemeka ni uchafu unatoka, machozi ni huzuni za ukoo, miguu kujaa ni chi, yaani ile nishati ya mwili wanayoisema Wachina, imeshuka ardhini. Watu wanashindana kuandika nani katetemeka zaidi na nani kaona rangi. Jumamosi huwa tunakutana ufukweni Coco asubuhi, sasa Jumamosi iliyopita nilikuwa nimetoka nyumbani bila hata chai, jua likawa limeshapanda, ghafla masikio yakaanza kuvuma, giza likanijia machoni, jasho la baridi. Nikataka kukaa, kiongozi akaniambia usikae, ukikaa nishati inakatika, vumilia ndo unavuka. Dada mmoja akanishika kwa nyuma nikawa nimeegemea mpaka ikaisha.

Baadae akaniita pembeni akasema tatizo langu ni dawa ya presha, inaziba njia za chi, niiache, na nilipe elfu 50 anifanyie kikao cha peke yangu cha kufunguliwa njia. Hela sijalipa bado ila dawa nimeacha tangu siku hiyo, na ukweli Anti nasikia vizuri tu, hata kichwa kimekuwa chepesi.

Sasa ni nini hiki, ni majini, ni chi, au naumwa? Niendelee au niache? Nakupenda, nasoma majibu yako yote.

Mtetemekaji, Tabata

JIBU

Marahaba mwanangu. Majini na chi vitusubiri kidogo, tuanze na kile kidonge maana katika barua yako yote hapo ndo niliposhtuka. Kimeze leo. Kimoja tu, usijumlishe vya siku ulizoruka ukavimeza kwa mpigo, halafu wiki hii hii urudi pale walipokuandikia upimwe na uwaambie bila kuficha kwamba ulisimamisha na nani alikwambia usimamishe.

Mi nimestaafu unesi na katika magonjwa yote niliyohudumia sijaona linalodanganya watu kama presha, kwa sababu mara nyingi halihisiwi. Mtu ana 180 kwa 110 anakaanga maandazi yake anaimba. Unasema tangu uache kichwa chepesi, haya, lakini amlodipini haitoki mwilini kwa siku moja, inachukua kama saa 30 mpaka 50 ndo ipungue nusu, kwahiyo hizo siku za mwanzo ulizojisikia vizuri ulikuwa bado unatembelea dawa ile ile uliyoiacha. Inapoisha kabisa presha inarudi juu taratibu na haikupigii hodi. Na hapa ndo nataka unisikilize vizuri, maana grupu lenu zima linahesabu vitu vinavyohisiwa, joto na mtetemo na machozi, na vingi katika hivyo havina madhara yoyote, wakati kile kinachoweza kukulaza upande mmoja wa mwili umepooza hukihisi, na ndicho ulichoambiwa ukiachie.

Halafu umeandika kwa kupitia tu kwamba jioni viatu vinakubana, na kiongozi kasema chi imeshuka ardhini. Amlodipini inajulikana kwa kuvimbisha vifundo vya miguu, ipo kabisa kwenye kikaratasi cha ndani ya boksi ambacho hatusomagi. Inalegeza mishipa midogo ya damu, maji yanavuja kidogo kuingia kwenye nyama na yakishavuja yanashuka chini, na wewe unakaa kwenye kiti kutwa nzima ndo inazidi. Jioni bonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo uhesabu mpaka kumi uachie, kama pamebaki kishimo mwonyeshe daktari, yeye anaweza kupunguza dozi au kukubadilishia dawa nyingine kabisa, zipo nyingi. Hilo ndilo lilikuwa la kwenda kulalamikia hospitali, sio la kumpelekea mtu wa voisi. Ila ukiona mguu mmoja tu ndo umevimba na unauma nyuma kwenye shavu la mguu, usisubiri kliniki, nenda siku hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye kutetemeka.

Ukisimama magoti yamelegea misuli ya mapaja inakaza bila kupumzika hata kidogo, tofauti na kutembea ambako kila hatua mguu mmoja unapata nafuu. Ndani ya msuli kuna nyuzi nyingi na hazifanyi kazi zote kwa pamoja, zinapokezana. Zikianza kuchoka ubongo unaziita nyingi kwa wakati mmoja, kupokezana kunavurugika, na ndo huo mtetemo. Hata mkono wako ukiwa umetulia mezani unatetemeka kidogo sana, mara 8 mpaka 12 kwa sekunde, ni vile tu jicho halioni, uchovu unaukuza mpaka unaonekana. Anayeanza lazima apitie hapo, na mtu wa kazi ya kukaa mwenye mapaja yaliyolala miaka anapitia zaidi.

Daktari akishakuruhusu kusimama, muite bi mkubwa, mama mkwe wako, uani. Mwombe aweke kiganja chake juu ya paja lako wakati linatetemeka, halafu nyanyuka kidogo, nyoosha magoti nusu tu ya yalivyokunjwa. Mtetemo utapungua hapohapo chini ya mkono wake. Shuka tena utarudi. Jini gani hilo linatii goti? Na nakuomba usimjibu kwa kiburi mwanangu, yeye kaingia uani kamkuta mke wa mwanae anatetemeka macho nusu machozi yanamtoka, kwa mtu aliyekulia Bagamoyo angefikiria nini kingine, mi mwenyewe ningeutafuta ubani. Akitaka usomewe dua kubali usomewe, dua haigombani na kidonge wala haigombani na mazoezi.

Joto la viganja ni damu. Mwili ukitulia na pumzi ikashuka, mishipa ya viganjani inafunguka, damu ya moto inafika mpaka kwenye vidole, na juu ya hapo msuli unaofanya kazi unatoa joto wenyewe. Kuhisi vidole vimenenepa ni damu hiyo hiyo, halafu umeviangalia muda mrefu bila kuvisogeza, na kitu chochote cha mwilini ukikiwekea akili yako yote dakika tano kinakuwa kikubwa. Jaribu hata sasa hivi kuuwaza ulimi wako. Jasho la mgongoni wala tusiliongelee, hii ni Dar, hewa imejaa unyevu jasho halikauki linabaki kutiririka, hata ukisimama kusubiri daladala Buguruni unalowa.

Sindano sindano zina sababu mbili na nadhani wewe unazo zote. Ya vidole mara nyingi ni mabega, mikono ikichoka watu wanapandisha mabega kuelekea masikioni, mishipa ya fahamu inayopita pale shingoni na kwapani inabanwa, ganzi inashuka mpaka vidoleni, na wewe shingo ilikuwa mbovu kabla hata hujaanza. Shusha viwiko, vining'inie, na mikono yenyewe ishushe iwe usawa wa kitovu badala ya kifua, wanaojua huu mchezo huwa wanawaanzishia watu huko chini. Ya midomo ni kupumua. Mkiambiwa vuta pumzi ndefu vuta pumzi ndefu mnavuta kupita mahitaji, hewa ya ukaa inapungua kwenye damu, na hiyo ikipungua sana midomo na vidole vinachoma sindano na kichwa kinakuwa chepesi, mtu anadhani kapaa. Acha pumzi ijiendeshe yenyewe kwa puani, usiivute usiizuie. Kuizuia ndo kubaya zaidi kwako maana msuli uliokazwa na pumzi iliyobanwa vinapandisha presha palepale. Lakini ganzi ikibaki masaa baada ya kumaliza, au ikawa mkono mmoja tu na unakosa nguvu ya kushika kikombe, hiyo ni ya daktari.

Kuyumba ni kawaida kabisa, hakuna binadamu anayesimama bila kuyumba, kifundo cha mguu kinarekebisha muda wote kwa kusaidiwa na macho na sikio la ndani. Ukifumba macho umekiondolea msaidizi mmoja. Fungua nusu, angalia mbali, basi.

Miayo, kubeua, tumbo kunguruma, mwili unatoka kwenye mbio za kutwa nzima unaingia kwenye kupumzika, utumbo unapata zamu yake. Miayo yenyewe inakamua machozi. Ila machozi yanayokuja bila miayo sitayapitia haraka haraka, maana sijui una nini ndani, kazi, ada za watoto, msiba ambao hukuulilia vizuri kwa sababu ulikuwa unapikia wageni. Wanawake wengi wa mji huu hawana dakika tano kwa siku ambazo hakuna mtu anawaita. Ukizipata hizo dakika uani kwako kuna kitu kitatoka, kiache kitoke, ukimaliza unanawa uso unaenda kazini. Kama unalia kila siku, usingizi umekata, chakula hakipandi wiki ya pili sasa, hapo tunaongea kuhusu sonona na ina matibabu yake. Huzuni za ukoo mzima sijui yeye kazipima na kifaa gani.

Na usifikiri Wachina wenyewe hawakuyaona haya. Kuna mtawa mmoja wa Kibudha anaitwa Zhiyi, aliishi 538 mpaka 597, alifundisha watu kukaa na kutafakari, na aliorodhesha hisia nane zinazomjia mtu mwilini, mtikisiko, mwasho, baridi, joto, wepesi, uzito, kukwaruza na utelezi. Kwahiyo zaidi ya miaka 1,400 iliyopita mtu alishakaa akaandika vitu vilevile mnavyotumiana usiku. Tofauti ni kwamba huyo mtawa aliandika pia maonyo marefu kuhusu vitu vinavyomjia mtu katika kutafakari vikampoteza akivishikilia. Hata huu mtindo wenu wa kusimama, mmoja wa waliousambaza sana karne iliyopita ni Wang Xiangzhai, alizaliwa 1885 akafariki 1963, mwalimu wa mapigano ambaye kuanzia miaka ya 1920 alifanya kusimama kuwa msingi wa mafunzo yake ya yichuan, mtindo wake wa mapigano. Watu walikuwa wanasimama ili wapate miguu na utulivu. Wachina kama watu wa afya sio wageni kwetu, timu zao za madaktari zinakuja Zanzibar tangu 1964 na bara tangu 1968, na mi nimefanya kazi na baadhi yao, kulikuwa na daktari mmoja mama wa makamo ambaye alfajiri alikuwa anasimama nyuma ya nyumba za wafanyakazi viatu kavua kavipanga pembeni, dakika zake kidogo halafu anaingia kuoga. Sikuwahi kumsikia anamhadithia mtu alichohisi.

Coco sasa. Hapo mwanangu mlinusurika wote wawili, wewe na huyo dada.

Damu yako ikishuka miguuni haina injini ya kuirudisha juu zaidi ya misuli ya miguu yenyewe, hasa mashavu ya miguu, kila ukipiga hatua yanaikamua kuipandisha kwenye moyo. Ukisimama umetulia tuli injini imezimwa, damu inajikusanya chini. Ongeza jua, linafungua mishipa ya ngozi damu nyingine inaenda huko. Ongeza kutokunywa chai wala maji tangu jana usiku. Ongeza amlodipini ambayo nayo kazi yake ni kulegeza mishipa. Na sitashangaa kama ulipochoka ulikaza magoti yakanyooka kabisa, wengi wanafanya hivyo bila kujua. Moyo unajikuta hauna cha kutosha cha kupeleka kichwani, ndo masikio yanavuma, giza, jasho la baridi. Askari vijana wenye afya zao wanadondoka kwenye gwaride kwa sababu hiyo hiyo na hakuna aliyewahi kusema wamefunguka njia.

Kudondoka kwenyewe ndo mwili unajitibu, ukilala damu inarudi kichwani bila kupanda mlima. Kwahiyo mtu anayezimia kumshikilia wima ndo kosa lenyewe, mnakinyima kichwa damu. Siku nyingine ukisikia hiyo hali, hata kwa mbali, chuchumaa au kaa chini mchangani hapohapo, ukiweza lala uweke miguu juu ya mkoba wako, aibu itaisha kabla ya vumbi la kwenye gauni. Kama huwezi kukaa, kwa mfano uko ndani ya daladala umebanwa, kaza mapaja na makalio kwa nguvu na pandisha visigino shusha pandisha shusha. Na hospitali uwaambie kuhusu siku hiyo, wakupime presha ukiwa umekaa na tena ukiwa umesimama, inaweza kuwa dozi inahitaji kuangaliwa. Hilo ni la daktari kupunguza, sio kiongozi.

Kuna vitu ambavyo vikija wakati umesimama hakuna kusema nivumilie nivuke. Kifua kubana au kuuma, hasa ikienda mkono au taya. Pumzi kukata. Moyo kwenda mbio usiotulia ukishakaa. Kichwa kuuma ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, mdomo kupinda, maneno kuteleza, upande mmoja kuishiwa nguvu, hapo ni bodaboda, bajaji, jirani mwenye gari, chochote kilichopo, hospitali. Goti kuuma ndani ya kiungo kwa maumivu makali ya kuchoma sio sawa na paja kuwaka moto, paja liache liwake, goti simamisha.

Na huyo anayeona rangi. Mara nyingi ni macho tu yamechoka kukodolea sehemu moja. Lakini mkiwa na mtu pale anayeanza kusikia sauti, halali usiku, anasema nguvu zinamtembea mwilini hawezi kuzizuia, msimpigie makofi kwenye grupu. Ni hali inayojulikana, mpaka madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1994 waliiweka kwenye kitabu chao cha magonjwa ya akili, kwenye kiambatisho cha nyuma, ikiwa na jina la chigongi kabisa, na inawapata zaidi watu wanaosimama masaa mengi na wenye historia ya ugonjwa wa akili. Dawa yake ya kwanza ni kuacha mazoezi, kumlaza, kumpeleka hospitali. Mashindano ya nani kahisi zaidi ndo yanawasukuma watu huko.

Swali lako la mwisho, uendelee. Mi naona uendelee, mgongo wako unahitaji na kichwa chako kinahitaji, na mazoezi ya kukaza misuli bila kusogea yana ushahidi mzuri kwamba ukiyafanya wiki nyingi mfululizo yanasaidia presha kushuka, pamoja na dawa sio badala yake. Lakini kwanza upimwe na daktari akuruhusu. Halafu fanya kidogo. Kunywa maji, kula hata ndizi moja au kipande cha mkate, subiri kishuke. Simama uani kwenye kivuli kabla jua halijapata nguvu, ukuta au lile tenki liwe karibu na mkono. Miguu upana wa mabega, vidole vinaangalia mbele, magoti yalegee kidogo tu yasipite vidole, makalio yashuke kama vile unataka kukalia stuli ndefu halafu ukaghairi. Mikono usawa wa kitovu. Dakika 3. Ndio, tatu, na mtetemo ukianza kugonganisha meno ni kwamba umeshuka sana, panda. Ukizoea bila shida unaongeza dakika moja moja, hakuna anayekufukuza. Ukimaliza usikatishe ukakimbilia simu, shusha mikono, tembea uani taratibu mpaka miguu irudi ya kwako. Na kama miguu imechoka siku hiyo unaweza kufanya umekaa kwenye ukingo wa kiti, hata pale dukani saa ya chakula.

Coco siku za Jumamosi nenda ukitaka, bahari ni ya wote, na dada aliyekushika anaonekana mtu mzuri. Ukisikia kizunguzungu unakaa na akikuuliza unamjibu nesi kasema. Zile voisi unaweza kuzizima wala hutatoka grupuni.

Elfu 50 usimpe. Ongezea kidogo ununue mashine ya kupimia presha kwenye duka la vifaa tiba, chukua ile ya kufunga kwenye mkono wa juu, ile ya kufunga kwenye kifundo cha mkono, karibu na kiganja, iache inakosea kirahisi, na uliza saizi ya mkanda, mkono ukiwa mnene kuliko mkanda inakusomea namba kubwa za uongo. Pima asubuhi kabla ya kidonge na kabla ya kusimama, umekaa dakika 5 mgongo umeegemea, miguu haijakunjana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, bila kuongea na watoto. Mara mbili, uache dakika moja katikati. Andika kwenye hayo madaftari yako ya stoku, tarehe na namba zote, na siku ya kliniki ubebe daftari. Na bi mkubwa mpime pia akiwa hapo, umri wake na presha haijulikani ikoje.